Mgonjwa Hahamishwi

Shangazi yangu aliuguza watu kwa miaka thelathini na mmoja, katika wodi ambayo wagonjwa wake hawakuwa wa kupona. Alipostaafu hakuona sababu ya kuacha kazi, akabadilisha wagonjwa tu. Sasa anauguza mbwa na paka: vikongwe, wenye uvimbe, wenye figo zilizochoka, wale ambao daktari wa mifugo amewapapasa, akavua glavu na kusema hana la kufanya zaidi. Hapo ndipo shangazi anapoitwa.

Jengoni kwetu wanamcheka. Wamempa jina la Sista wa Paka, na wapo wanaolia "nyau" akipita kwenye ngazi na kapu lake. Mimi damu huchemka. Yeye hugeuka akawauliza wanaumwa wapi. Siku moja jirani wa ghorofa ya pili alimuuliza kama binadamu wa kuuguza wameisha. Shangazi akamjibu kwamba hawajaisha, na zamu yake ikifika atamuuguza bila kinyongo, ila kwa jinsi anavyomfahamu, paka atakuwa na shukrani zaidi.

Naandika haya kwa sababu ya Bosi, mbwa wa mlinzi wetu. Jina alipewa na mlinzi mwenyewe, aliyependa kusema kwamba ana mabosi wawili na huyu wa miguu minne ndiye pekee anayemsalimia asubuhi. Yule wa miguu miwili ni msimamizi wa jengo, na utani huo hakuupenda hata kidogo. Kwa miaka kumi na miwili Bosi alilala juu ya gunia ndani ya kibanda cha lango, akimtambua kila mpangaji kwa mlio wa viatu vyake. Kisha uvimbe ukamwota tumboni. Daktari wa mifugo alisema mbwa wa umri ule hawezi kupasuliwa. Kilichobaki ni kumpunguzia maumivu, na yakiishinda dawa, kumlaza kwa sindano ya mwisho.

Mlinzi akaja kugonga mlango wetu, kofia mkononi. Aliona haya. Alianza kwa kusema anajua kwamba huyo ni mbwa tu. Shangazi akamwambia neno hilo asilirudie mbele ya mgonjwa, akachukua kapu lake.

Mtu asiyewahi kuiona kazi ile anaweza kudhani ni kukaa na kubembeleza. Nilichoona mimi ni ratiba. Kila baada ya saa mbili alimgeuza ubavu, mkono mmoja chini ya nyonga, ili mifupa isichome ngozi. Gunia hakulitupa; alitandika shuka kuukuu juu yake, kwa sababu harufu ya gunia ndiyo iliyokuwa nyumbani kwa Bosi. Alilowesha ufizi kwa pamba yenye maji. Vidonge alivitoa kwa saa aliyopanga daktari, bila kungoja mbwa alie. Alisema mgonjwa anayengojwa mpaka alie ameshacheleweshwa.

Jumanne msimamizi alishuka, kitambaa puani. Alisema harufu inawafukuza watu wanaokuja kutazama nyumba za kupanga, na Ijumaa saa mbili asubuhi gari la manispaa lingekuja kumchukua mbwa. Hakuna aliyeuliza anapelekwa wapi. Gari lile tunalijua: mbwa hunaswa shingo kwa kitanzi cha waya, hurushwa nyuma pamoja na wenzake waliookotwa mitaani, na yaliyobaki humalizikia kwenye banda la bati.

"Atakufa tu, mama," msimamizi alisema. "Akifia hapa au akifia kule, tofauti iko wapi?"

Shangazi alikuwa akikamua pamba. "Wodini kwangu tulikuwa na sheria moja. Mgonjwa aliyekaribia mwisho hahamishwi. Mganga mkuu mwenyewe alikitaka kitanda siku moja, hakukipata."

"Hao walikuwa watu."

"Ndiyo. Na huyu ni Bosi."

Swali lile la tofauti iko wapi limenikera mpaka leo. Kila mtu aliliuliza, tena kwa sauti ya mtu mwenye busara. Kama mwisho ni mmoja kwa wote, basi kilichobaki mikononi mwetu ni namna ya kufika. Ukiifanya namna hiyo kuwa si kitu kwa mbwa, usijidanganye kwamba utaikumbuka kwa babu yako.

Jumatano mambo yakaharibika, na aliyeyaharibu ni mlinzi. Shangazi alikuwa amekataza kumlisha Bosi kwa nguvu. Alimweleza kwamba mwili ule umeshafunga jiko, na chakula sasa ni mzigo. Mlinzi alitii siku mbili. Lakini kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kula bila kumgawia mbwa wake, na kutafuna peke yake huku Bosi akimtazama kwake kulikuwa kama wizi. Shangazi alipopanda kuoga, mlinzi alilowesha mkate kwenye maziwa, akafungua taya, akamlisha kwa kijiko. Maziwa yakaingia njia ya hewa.

Tulimsikia akiita. Shangazi alishuka na povu mabegani, akamlaza Bosi kichwa kikiwa chini, akamfuta koo, akamgeuza. Pumzi zikarudi, lakini zilirudi zikikwaruza. Alhamisi daktari alisikiliza kifua na kusema muda umefika. Dawa ya sindano ya mwisho hakuwa nayo siku hiyo. Angeipata kesho yake na kufika saa nne asubuhi. Alimchoma dawa kali ya maumivu, Bosi akasinzia.

Gari la manispaa saa mbili, daktari saa nne. Kilichokuwa kikigombaniwa ni saa mbili za maisha ya mbwa.

Nilikimbilia ofisi za manispaa na barua ya kurasa tatu, nikiwa nimemwaga humo kila nilichosoma chuoni kuhusu haki na utu. Karani aliipima uzito mkononi, akaniambia majibu hutoka baada ya siku saba.

Niliporudi, mlinzi alikuwa sakafuni kibandani. "Nimemuua mimi, Sista."

"Umemkosea," shangazi alimwambia, "na nilikukataza." Kisha naye akaketi sakafuni, magoti yakilalamika. "Wodini, waliowalisha wagonjwa kwa siri ndio waliokuwa wakiwapenda kupita kiasi. Mama yangu nilimlisha mimi, kwa mkono huu. Na nilikuwa nimevaa sare."

Ijumaa gari lilifika kabla ya wakati wake. Shangazi alikuwa kwenye kigoda mlangoni pa kibanda, ndani ya sare yake nyeupe ya zamani, vifungo vikihangaika. Msimamizi alimwamuru mlinzi afungue.

Mlinzi huyu hakuwahi kusubiri honi ya pili. Alisimama, akavaa kofia, akatembea mpaka langoni. Akalitia kufuli. Ufunguo akautumbukiza mfuko wa shati.

"Saa za kuona wagonjwa bado, bosi," alisema.

Msimamizi alimuuliza kama anajua kesho atakula wapi. Mlinzi akasema hajui. Nilikwenda nikasimama kando yake, nikashika nondo za lango.

Nyuma yetu magari ya waendao kazini yalianza kujipanga, la kwanza likiwa la jirani wa ghorofa ya pili. Alipiga honi. Alitoa kichwa nje, akamwona msimamizi, akamwona shangazi na sare yake, akaona kitanzi cha waya mkononi mwa mtu wa manispaa. Akazima injini.

"Kila siku nachelewa kazini bila sababu," alisema. "Leo angalau ninayo."

Nyuma yake injini nyingine ikazimwa, kisha nyingine. Mtu wa manispaa alitazama saa, akasema ana mitaa mingine sita, na gari lake likageuza. Msimamizi alibaki akibonyeza simu ambayo haikupokelewa.

Daktari alifika kwa pikipiki saa nne kasoro dakika chache. Mlinzi aliweka kiatu chake pale Bosi alipozoea kuegemeza kichwa, na kichwa kikawekwa. Sindano iliingia taratibu. Shangazi alikuwa na viganja viwili ubavuni, akihesabu pumzi kwa sauti ya chini, mpaka akafika mahali ambapo hakukuwa na namba ya kufuata. Alitazama saa, akaitaja, kama alivyokuwa akifanya wodini. Hakuna aliyecheka.

Mlinzi alipewa barua ya onyo. Kazini bado yupo, kwa kuwa wapangaji wengi walimwambia msimamizi ana kwa ana kwamba akimfukuza wanahama.

Jumatatu tangazo lilibandikwa chini ya ngazi: ni marufuku kuweka mnyama mgonjwa ndani ya eneo la jengo. Shangazi alilisoma lote, miwani puani, akaniomba kalamu. Chini ya sahihi ya msimamizi aliandika kwamba wenye wagonjwa wagonge nyumba namba kumi na nne, saa yoyote.

Nilimwambia maandishi ni madogo mno. Akayakoleza.