Sufuria Mbili za Uji

Mwanangu alipoanza kula, mama yangu alikuwa anaacha. Nilimtoa Butiama nikaja kukaa naye hapa Mwisenge, meno yakiwa yamekwisha na figo zimechoka. Kliniki walinielekeza mtoto apate uji mzito wenye dagaa waliosagwa. Hospitali wakaniambia mama asiguse dagaa wala chumvi. Basi kila asubuhi nilipika sufuria mbili, bila kufikiria kitu.

Siku moja mama alionja uji wa mtoto.

"Huu ndio uji," akasema. "Ninyi nilikuwaga nawapa huu huu. Wangu ni maji tu."

"Daktari amekataza, mama."

"Daktari mwenyewe ana miaka mingapi?"

Nilimpakulia kikombe kizima kutoka kwenye sufuria ya mtoto. Alikunywa wote, akajifuta mdomo kwa khanga, akalala.

Alifariki masika yalipoanza, tukamzika Butiama. Ndugu zangu walilia sana. Mimi nilikaa mkekani nikimlisha mtoto, machozi hayaji, nikaona tu kwamba ameanza kutafuna.