Sungura wa Mbeyu na Wazee wa Garsen

Ukifika Idsowe ukamuulizia Mbeyu Mramba, utaulizwa nawe: "Mbeyu yupi, yule wa sungura?" Ni mama wa miaka hamsini na minne, mnene, mcheshi, ambaye kicheko chake huingia nyumbani kwa watu kabla ya yeye mwenyewe. Mwaka wa mafuriko makubwa mto ulibeba mahindi yake, migomba na kuku wote. Alichookoa ni sungura wawili, akawabeba kichwani ndani ya karai huku maji yakimfika kiunoni. Majirani walimcheka: wenzake wanaokoa magodoro, yeye anaokoa kitoweo! Lakini sungura hawachelewi kuzaa. Mwaka haukwisha, tayari alikuwa na kizimba kilichojaa na wateja mjini Garsen.

Siku moja alimpelekea mwenye hoteli mmoja sungura jike, mweupe pepe. Akakuta hoteli imefungwa, mwenyewe kaenda mazishini. Mbeyu akaona heri apitie nyumba ya wazee amjulie hali Kadzo, shangazi yake. Kikapu akakisukuma chini ya benchi pale barazani. Hata salamu hajamaliza, akasikia yowe. Sungura alikuwa ametoka, amepenya katikati ya miguu na mikongojo, na kujichimbia ndani ya kikoi cha Mzee Nehemiah, mkulima wa Kipokomo aliyekuwa akisinzia kitini.

"Kitoeni! Kitoeni kitu hiki!" Nehemiah, ambaye siku zote huinuliwa na watu wawili, alisimama wima peke yake.

Baraza zima likaangua kicheko. Shangazi Kadzo, ambaye kwa miezi hakumkumbuka hata Mbeyu, alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akanyoosha mikono. "Nipe mimi, nimpakate."

Tamar, muuguzi aliyeisimamia nyumba ile, alitoka mbio akiwa tayari kugomba. Akamwona Kadzo anamkuna mnyama katikati ya masikio, polepole, macho yamemlegea kwa raha. Badala ya kugomba, akamgeukia Mbeyu.

"Mama, huyu ni wa kuuza?"

"Ni wa kuuza."

"Basi usimuuze. Mlete tena Jumatano."

Tangu hapo, kila Jumatano Mbeyu alipanda bodaboda na kikapu mapajani. Tamar aliweka masharti yake: kucha za sungura zikatwe, maana ngozi ya mzee huchanika upesi, kila anayepakata atandikiwe taulo, na mikono ioshwe kwa sabuni. Wazee walianza kuchana nywele tangu asubuhi kama wanaosubiri wakwe. Nehemiah naye, baada ya kununa wiki mbili, alionekana akificha kipande cha karoti mfukoni.

Mmoja tu hakusogea. Mzee Halkano alikuwa mfugaji wa Kiorma. Ukame ulikuwa umemmalizia ng'ombe, wanawe wakatawanyika kutafuta kazi, na tangu aletwe pale hakuwa msemaji. Alikaa ameligeuzia baraza mgongo. Siku ya kwanza Mbeyu alipomsogezea sungura, alitazama mara moja tu.

"Mimi nilichunga ng'ombe mia mbili," alisema. "Leo nyinyi mnaniletea panya wa masikio marefu?"

Mbeyu alicheka hata hivyo. Lakini njiani kurudi hakucheka. Mtu wa ng'ombe mia mbili, aliwaza, mimi nimempelekea nini?

Zikaja mvua. Jumatano moja Mbeyu alifika akiwa na huzuni: sungura mweupe alikuwa amejikunyata kikapuni, hali kitu, hatikisiki, tumbo limevimba kama ngoma. Wazee wakakizunguka kikapu. Kadzo akaanza kulia.

"Umemlisha nini?" Sauti ilitoka nyuma yao. Halkano alikuwa amegeuza kiti.

"Sukumawiki, mzee. Ilinyeshewa usiku."

"Majani ya maji." Akatikisa kichwa. "Hata ndama, mvua ya kwanza ikinyesha, akila majani machanga anajaa hivi hivi. Lete hapa, binti."

Alimlaza sungura mapajani. Vidole vyake virefu, vilivyokuwa vikitetemeka hata vikishika kikombe, vilitulia. Akaanza kulisugua lile tumbo taratibu, akimnong'oneza kwa Kiorma. Akasugua, akapumzika, akasugua tena. Chai ilipoa mikononi mwa wote. Mara ukasikika mlio mwembamba, mrefu, usio na shaka.

"Amejamba!" Nehemiah alipaza sauti. "Jamani, sungura amejamba!"

Vicheko vilivyolipuka viliwatoa wapishi jikoni. Tamar aliegemea ukuta akishika mbavu. Na Halkano, aliyekuwa hajaonyesha meno yake kwa mtu pale, alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Tumbo limefunguka," alisema. "Sasa mpe nyasi kavu tu. Na hiyo sukumawiki yenu mle wenyewe!"

Kuanzia siku hiyo kiti chake hakikutazama tena ukutani. Halkano akampa sungura jina la ng'ombe wake aliyempenda kuliko wote: Adi, yaani mweupe. Adi aliposhika mimba, Halkano alimpapasa akasema watoto ni sita. Nehemiah akasema mfugaji hajui hesabu, watakuwa wanane. Walibishana mwezi mzima kwa furaha, mmoja akimwita mwenzake mla ndizi, naye akijibiwa mnywa maziwa. Wakazaliwa saba, na kila mmoja akadai ndiye aliyekaribia zaidi.

Habari zilipofika Chara, jamaa wa huko walimwomba Mbeyu awatembelee wazee wao wasioweza kutoka nyumbani. Tamar alimruhusu Halkano aende naye. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia safi, akakataa kabisa kikapu kibebwe na mtu mwingine. Katika nyumba ya kwanza bibi mmoja aliyelala kitandani aliuliza hawa wageni ni akina nani. Mbeyu alifungua kinywa kujibu, lakini Halkano alimuwahi.

"Huyu ni Adi," alisema, akimweka taratibu juu ya taulo. "Na mimi ndiye daktari wake."