Mabenchi Mawili na Meza Moja

Hebu mtazame anavyoingia. Ni asubuhi, watu wamejaa kwenye lango la stesheni kama maharage kwenye gunia, kila mmoja na begi lake na haraka yake, na katikati yao anapenya mwanamke wa makamo aliyevaa gauni la buluu ambalo bado lina mstari wa pasi. Leo si zamu yake. Ukitaka kuamini, mtazame miguuni. Siku za kazi huvaa kandambili, maana huko juu anakokaa hakuna anayemwona. Leo amevaa viatu vya kufunga, vya soli nene, vya mtu aliyejiandaa kutembea. Na kweli, miguu ndiyo ilikuwa mpango mzima.

Humjui kwa sura, lakini kama umewahi kupita stesheni ile, masikio yako yanamjua. Ndiye aliyekuwa akisema, "Abiria waheshimiwa, tunaomba usikivu wenu," kisha akakwambia treni yako iko njia ya ngapi. Wafanyakazi wenzake walimwita Mama Abiria, na jina likamganda hadi nyumbani. Hata marehemu mumewe akitaka kumchokoza mezani alikuwa akisema, "Abiria waheshimiwa, chumvi iko wapi?"

Kwao walizaliwa wanne. Mbele yake Kaka Mkubwa, fundi seremala, mtu wa maneno machache ambayo yakishatoka hayarudi. Nyuma yake mdogo wa kiume, dereva wa lori, aliyeitwa Breki kwa sababu mdomo wake haukuwa nayo. Na mwisho kabisa Kitinda, kitindamimba wao, aliyebebwa na migongo yote ya nyumba ile. Aliyemdekeza kuliko wote ni Kaka Mkubwa. Alimtengenezea kigoda chake peke yake, ili afikie meza, na ole wake mtu mwingine akikikalia.

Mama yao alipofariki, Kitinda alikuwa mbali, na treni yake ikachelewa. Watu wakasema tungoje kidogo. Kaka Mkubwa akatazama mawingu, akatazama kaburi lililokwisha kuchimbwa, akasema, "Maiti haingoji treni." Kitinda akafika jioni, akakuta udongo mbichi. Hakulia. Alimgeukia kaka yake mbele ya halaiki, akamwambia, "Umemfukia mama yangu kama mtu anayeficha kitu cha wizi."

Basi, ikawa imekwisha hiyo. Namba za simu zikafutwa. Habari ya huyu ikitaka kumfikia yule ilipitia kwa Mama Abiria, kama mzigo unaobadilishwa behewa.

Sasa Kitinda alikuwa anahama. Mumewe amepata kazi ng'ambo, amemwita, na aliyevuka bahari hurudi Mungu akipenda. Njiani angebadilisha treni palepale stesheni kwa dada yake, na kati ya treni ya kushuka na ya kupanda palikuwa na nafasi ya kutosha watu wanne kukaa, kulia, kucheka na kupatana. Mama Abiria akajiambia: ni siku hii au basi tena.

Akaipanga kama mtu wa reli. Watu wa reli wana akili yao moja: treni mbili zinazotazamana hazipelekwi kwenye njia moja mpaka mtu mwenye bendera asimame katikati. Kila moja hupewa njia yake, ikangoja. Naye hivyohivyo. Kaka Mkubwa akamwambia, "Njoo tuzungumze habari ya kujengea kaburi la mama. Kaa benchi linalotazama madirisha ya tiketi, usiondoke mpaka nije." Kitinda akamwambia, "Nataka kukuaga, mdogo wangu. Nisubiri benchi la chini ya ngazi, njia ya tatu." Hakumwambia huyu kwamba yule yupo. Aliogopa mmojawapo angekataa kuja.

Breki akapigiwa simu wa mwisho, kwa kuwa siri ukimpa Breki ni sawa na kuisoma kwenye kipaza sauti.

"Dada, kuna nini? Mbona kama tunaitwa kituo cha polisi?"

"Hakuna kitu. Nimekukumbuka tu."

"Umenikumbuka mimi? Nani mwingine umemkumbuka?"

"Wewe njoo, kaa mgahawani, kula, nitalipa mimi. Lakini usiinuke hapo hata nyumba ikiungua."

"Kama kuna kula, dada yangu, nyumba na iungue."

Mpango wenyewe ulikuwa huu. Angemchukua Kitinda kwa mkono kule njia ya tatu, ampitishe mgahawani, Breki atoe upuuzi wake, Kitinda acheke. Na akiwa bado anacheka, wageuke kona, hao mbele ya Kaka Mkubwa. Mtu hawezi kununa ghafla kicheko kikiwa bado mdomoni. Niambie kama si mpango mzuri.

Ila ulikuwa mpango wa mtu mmoja mwenye miguu miwili.

Hajavuka hata ukumbi, mkuu wa stesheni akamwona. Jasho lilikuwa linamtoka mpaka kwenye tai. Kichwa cha treni kilikuwa kimeharibikia palepale reli zinapogawanyika, na treni zote zilikuwa zinahamishwa njia.

"Mama Abiria! Mungu amekuleta!"

"Mkuu, leo nina mapumziko. Nina wageni."

"Wewe una wageni, mimi nina watu wamejaa mpaka barabarani, hawajui waelekee wapi. Mwenzako ameamka koo halitoi hata kikohozi. Nusu saa tu, mama."

Nusu saa ya mkubwa unaijua mwenyewe.

Akapanda chumba cha matangazo. Simu akaiacha kwenye droo ya chini, maana ndiyo sheria, tangu simu ya mtu ilipolia hewani na stesheni nzima ikaserebuka. Chumba chake kilikuwa cha vioo, kimening'inia juu ya ukumbi. Ukiwa ndani unaona kila kitu, lakini aliye chini anaona kiza tu. Ukutani pamebandikwa maneno ya kusema, na hakuna ruhusa ya kuongeza hata moja. Kijana mmoja aliwahi kumwambia mchumba wake hewani, "Safari njema, kipenzi." Wiki iliyofuata alikuwa anahesabu mabehewa ya makaa, huko ambako hata mbuzi hashuki.

Kutoka pale juu akawaona wote. Kaka Mkubwa benchini, shati jeupe limefungwa hadi kifungo cha shingoni, amepakata kitu kilichofungwa kwenye magazeti. Kitinda chini ya ngazi, sanduku kubwa kati ya magoti, na kila kipaza sauti kikilia anainua uso na kutabasamu, kama anayesalimiwa. Breki sahani ya pili. Ukuta mmoja tu kati ya mabenchi yale mawili.

"Mkuu, niruhusu nishuke dakika tano."

"Ukishuka, nani atawaambia hawa? Mimi na sauti hii ya chura?"

Karatasi zikawa zinaingia, naye anasoma. Njia ya kwanza imekuwa ya nne. Ya nne imefungwa. Kisha ikaingia karatasi ya treni ya Kitinda: imehamishwa njia ya sita, na itaondoka mapema kabla reli haijafungwa. Wakati huohuo kelele zikazuka chini, watu wanagombea mlango, na mkuu akatoka mbio. Mama Abiria akabaki peke yake na kitufe cha kipaza sauti.

Hapa ndipo ningependa usogee kidogo. Alikuwa na maneno mafupi tu ya kusema: Kitinda, kaka yako yuko kwenye madirisha ya tiketi. Angehamishwa, angefukuzwa, basi. Yeye mwenyewe aliniambia kwamba wala hakuyafikiria makaa. Alibonyeza akiwa na jina la mdogo wake ulimini. Akafungua mdomo, na mdomo ukasema, "Abiria waheshimiwa, tunaomba usikivu wenu." Miaka yote ile ulimi ulikuwa umejichongea reli, na haukujua njia nyingine. Akasoma njia ya sita, mpaka mwisho.

Kwenda njia ya sita lazima upite ukumbi wa tiketi. Kitinda akaja akiburuta sanduku, akasimama ghafla. Mgongo wa kaka yake ulikuwa mbele yake, karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono angemgusa bega. Huku juu Mama Abiria akabandika viganja kwenye kioo. Geuka, Kaka. Geuka. Kaka Mkubwa akatazama mbele tu. Kitinda akasimama, watu wanampiga vikumbo, akasimama. Taa nyekundu ikawaka mezani: wito wa mwisho. Na mkono wa mtu wa kazi, jamani, huenda wenyewe. "Abiria waheshimiwa, huu ni wito wa mwisho." Kitinda akainua uso kutazama kile kioo cheusi, safari hii bila tabasamu, akashika sanduku lake akaenda.

Aliposhuka hatimaye, Breki alimwahi ngazini na mdomo umejaa.

"Dada, nimemwona Kitinda anapita na sanduku! Nikataka kumkimbilia, nikakumbuka ulisema nisiinuke."

"Na tangu lini unanisikiliza, wewe?"

Breki akafunga mdomo, akameza tonge. Labda ndiyo mara yake ya kwanza.

Kaka Mkubwa alikuwa palepale benchini. "Kaa," akamwambia. "Unadhani mimi mtoto? Kaburi la mama tungeliongea kwenye simu. Nilijua unataka kunikutanisha naye. Shati hili nimelivaa la nini?" Akafungua magazeti. Kilikuwa kile kigoda, kimepigwa msasa upya, mguu uliovunjika umebadilishwa. "Nilimwona kwenye kioo cha dirisha la tiketi. Nikasema, nikigeuka akanikimbia mbele ya watu wote hawa, nitauweka wapi uso? Acha aniite mwenyewe. Akakaribia kuniita. Nilimwona mdomo unafunguka." Akakunja gazeti polepole. "Ndipo wewe ukamwita."

Alipopanda tena kuchukua simu yake, aliikuta inalia kwenye droo. Kitinda, kelele za magurudumu nyuma yake. "Nilikwishahisi kwamba na yeye umemwita, Dada. Ungesema tu, ningeenda kukaa naye. Lakini mtu amekaa anakupa mgongo, na juu huko dada yako anakuhimiza uondoke. Hata mjinga angeelewa." Akakata. Mama Abiria alimpigia Kitinda akamweleza, akamweleza tena, kisha akamkalisha Kaka Mkubwa, akamweleza na yeye. Kila mmoja alimsikiliza vizuri sana, kisha akauliza swali lilelile: basi yeye mbona hakunisemesha?

Kabla hajastaafu, wakubwa wa reli walimweka chumbani wakamnasa sauti, neno baada ya neno, namba baada ya namba. Siku hizi ni mashine inayoongea, kwa koo lake. Yeye akipita pale anajisikia akiwahimiza watu wapande. Kigoda kiko sebuleni kwake kwa sababu Kaka Mkubwa alikataa kurudi nacho, na mjukuu akitaka kukikalia anaambiwa kina mwenyewe.

Juzi aliniuliza jambo, nikasema nitawauliza nyinyi. Ndugu zake aliwapoteza siku ile kwenye kipaza sauti, au alikuwa amekwisha kuwapoteza tangu alipomgawia kila mmoja mahali pake pa kukaa?