Fundi wa Nozeli

Fundi huzipima moja moja nozeli zinazopulizia mafuta ndani ya injini. Huvuta mkono wa pampu, kisha huikagua dizeli inavyotoka kwa jicho la mama mkwe aliyeingia jikoni kwa mkaza mwana. Ikitoka ukungu, huguna kwa kuridhika. Ikidondoka matone, huirudisha nozeli mezani. Mwenye basi la wanafunzi alichoka kungoja. Basi hilo, la pekee alilo nalo, lilikuwa limekataliwa mara mbili kwenye ukaguzi kwa moshi mweusi. Mara ya tatu lingefungiwa.

“Fundi, hizo nozeli unazitengeneza au unazichumbia? Ongeza mafuta tu, lipate nguvu!”

“Dada yangu, basi lako halina njaa. Limepaliwa.”

Nozeli ziliporudishwa na injini kuwaka, fundi alishika kitambaa cheupe mbele ya bomba la moshi, akahesabu hadi ishirini. Kikabaki cheupe. Akajifutia jasho usoni, na hapo ndipo kilipochafuka.