Sauti ya Mzee Nantende Mawinguni

Sinywi pombe, na siku ile nilikuwa nimelala vya kutosha. Natanguliza hayo kwa sababu ndiyo maswali ninayoulizwa kila ninaposimulia. Uniamini usiniamini, mimi nilikuwepo.

Mimi ni rubani binafsi. Narusha ndege ndogo kwa shughuli zangu tu; leseni yangu hainiruhusu kubeba abiria wa kulipa. Nimefuzu pia kuruka ndani ya mawingu bila kuona nje, kwa kufuata vyombo na GPS, ile inayopokea ishara za setilaiti na kukuonyesha ulipo.

Mama Zuhura tunafanya naye kazi ofisi moja Dar es Salaam. Alinipigia simu asubuhi moja ya masika. Baba yake, Mzee Nantende, alikuwa amefariki hospitalini, naye aliusia azikwe kwao Mnyambe, kule Newala.

"Baba Neema, kwa gari hatuwahi," alisema. "Barabara imekatika. Nisaidie, ndugu yangu."

Ungekuwa wewe ungekataa? Niling'oa viti vya nyuma, tukamlaza mzee kwenye machela, ameshavishwa sanda. Mama Zuhura akaketi kando yangu, tukavaa hedifoni ili tusikilizane. Tukaruka kuelekea Masasi, ambako ndugu zake walikuwa wanatusubiri na pikapu.

Hapa nikiri kosa langu. Sikuwa na njia rasmi ya kushuka Masasi kwa GPS ndani ya mawingu. Kanuni iko wazi: usipouona uwanja, geuza urudi. Mimi nilijitungia njia yangu. Nilichukua namba za ramani zinazoonyesha uwanja ulipo, nikaziingiza kwenye chombo haraka haraka, na sikuzikagua tena. Nilitaka mzee azikwe kabla jua halijatua. Nia njema, sivyo? Nia njema imezika wengi.

Tulipokaribia, mawingu yalikuwa yametanda kote. Ukiwa ndani yake huoni hata ncha ya bawa. GPS ilinionyesha niko sawasawa kwenye mstari, uwanja uko mbele. Nikapunguza moto wa injini, nikaanza kushuka.

Ndipo nikasikia mtu anakohoa. Kikohozi cha mzee, kizito, ndani ya hedifoni. Nikamtazama Mama Zuhura. Midomo yake ilikuwa imefumbwa.

Kisha sauti ikaita, taratibu, kama mtu anayeita toka chumba cha pili: "Zainabu."

"Abee, baba," akaitika Mama Zuhura.

Aliitika kwa mazoea, kama binti yeyote anavyomwitika baba yake. Halafu nikauona uso wake ukibadilika. Wala hakupiga kelele. Alishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili.

"Mwambie mwenzio akate kushoto. Mbele pana jiwe."

Mama Zuhura hakuhitaji kuniambia, maana nilisikia kama alivyosikia yeye. GPS ilikuwa bado inasema twende mbele. Niamini, sikufikiri. Nilikata kushoto, nikasukuma moto wote, nikainua pua ya ndege.

Wingu likachanika upande wa kulia. Jabali. Wenye kuijua Masasi wanayajua majabali yake. Lilikuwa jeusi kwa mvua, maji yakiteremka ubavuni, na juu yake kimti kimoja ambacho majani yake ningeweza kuyahesabu. Likapita. Wingu likafunga tena.

Tulizunguka juu mpaka mvua ilipopisha, nikauona uwanja kwa macho yangu, tukatua. Nyuma, mzee alikuwa vilevile tulivyomlaza, kamba za sanda hazijalegea hata moja.

Tukamzika Mnyambe jioni ile. Baada ya maziko mdogo wake aliniambia kwamba marehemu, enzi za ujana wake, alikuwa akiwaongoza wapima ardhi kwa miguu, toka Newala hadi Lukuledi, kupitia Masasi. Kila jiwe la njia hiyo alilijua. Sikumweleza kwa nini nililia.

Niliporudi nilikagua zile namba. Tarakimu moja nilikuwa nimeikosea. Nukta niliyoiita uwanja ilikuwa juu ya jabali. Nikajiripoti mwenyewe kwa mkaguzi wa anga, nikaandika kila kitu isipokuwa ile sauti. Nilifungiwa leseni kwa muda, na nilistahili.

Sasa naruka tena, lakini nikiingia mawinguni masikio yananisimama. Mama Zuhura hajapanda ndege tena. Mara moja tu alilizungumza jambo hili, tukiwa wawili ofisini.

"Miaka mitatu sikusemeshana na baba," alisema. "Nilifika hospitalini ameshakata kauli. Ile ndiyo mara ya kwanza kuniita kwa jina langu tangu tugombane."



Wewe unayerusha ndege, nakusihi: usijitungie njia mawinguni, na namba ulizoziingiza kwa mkono wako zikague mara mbili, hata kama nyuma yako yuko maiti anayengojewa kaburini. Na wewe usiyeruka popote, kama una mzazi mliyenuniana, mpigie leo. Usingoje akuite yeye.