Njia ya Mbio Ilipita Sebuleni Kwangu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa raba nyeupe, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa kwamba kazi yenyewe ni ya mbio. Nilitoka Machakos nikiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nikashuka Kitengela asubuhi na mapema, nikatembea nyikani hadi kwenye mazizi ya farasi. Msimamizi wa Mazizi, mtu mfupi asiyependa maneno mengi, aliziangalia zile raba kwa muda, kisha akanipa koleo na kunionyesha lundo la samadi.

"Hii ndio mbio yako," akaniambia. "Ukimaliza hapa iko ingine huko nyuma."

Nyinyi mnaoishi Kitengela ya sasa, ya magorofa na mageti, mkisikia kwamba hapa kulikuwa na mbio za farasi mnadhani mzee anaota. Zilikuwepo. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nyika ya kati ya Kitengela na Isinya ilikuwa wazi, na kila mwezi wa nane, vumbi likiwa limetulia na baridi ikiuma masikio, wenye ranchi walileta farasi wao, wafugaji wakaja na punda wao, na akina mama wa mtaa wa Noonkopir wakabeba majiko yao ya chapati hadi uwanjani. Ilikuwa siku moja tu kwa mwaka. Sisi wachache tuliajiriwa mwaka mzima kwa ajili ya siku hiyo moja.

Nilianza kama saisi, yaani mtu wa kulisha farasi, kumpiga brashi na kumkagua kwato. Baadaye nikahamishiwa mizani. Kabla ya kukimbia, kila mpanda farasi alipimwa pamoja na tandiko lake, na aliyekuwa mwepesi aliongezewa vipande vya risasi, ile metali nzito, kwenye mifuko ya tandiko ili farasi wote wabebe uzito sawa. Mizani yenyewe tuliiazima kutoka soko la mifugo la Bisil, na ilinuka kondoo hata tuioshe namna gani. Mwaka mmoja mpandaji alikunywa maji lita nzima ili apate uzito bila risasi. Alipanda mizani akapita vizuri, lakini katikati ya mbio akashuka kwenye farasi na kukimbilia kichakani. Sikuwahi kuona tena mtu akishindwa kwa namna hiyo.

Kazi iliyonipa jina ilikuja mwaka wangu wa nne, nilipofanywa mtunza njia. Aliyenipa cheo hicho ni Mkuu wa Mbio, daktari wa mifugo aliyekuwa amestaafu, mtu mrefu aliyetembea mikono ikiwa nyuma kama anayekagua mahindi. Asubuhi ya kwanza alinizungusha njia nzima kwa miguu. Tulipofika kwenye shimo la mhanga, yule mnyama anayechimba usiku akitafuta mchwa, nikafanya bidii ya mtu mgeni. Nikashika koleo, nikalijaza shimo mchanga, nikalikanyaga mpaka likawa sawa na ardhi.

"Umefanya nini?" akaniuliza.

"Nimeziba, daktari."

"Umeficha. Shimo wazi, farasi anaona anaruka. Hii yako haoni. Ataweka mguu hapo akiamini ni ardhi, na huo mguu utavunjika. Na mpandaji shingo."

Ndipo akanifundisha kanuni niliyoishi nayo miaka yote. Udongo mweusi wa hapa ni udongo mjanja. Ukilowa hufura, ukikauka hupasuka. Shimo huzibwa kabla ya mvua kubwa: mawe chini, murramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, juu ya mawe, udongo juu ya murramu, huku ukishindilia kwa gogo kila ujazo ukipanda kiganja kimoja. Halafu unaacha mvua inyeshe. Shimo linywe maji, lishuke, lijazwe tena, linywe tena. Shimo ambalo halijapita msimu mmoja wa mvua ni shimo bado, hata likionekana zuri namna gani. Kipimo chetu kilikuwa kisigino. Unaruka juu kidogo na kutua kwa kisigino kimoja. Kikizama, njia haifai.

Asubuhi ya ukaguzi wa mwisho Mkuu wa Mbio hakuniuliza mambo ya kitaalamu. Alisimama karibu na mti wa mwisho, ule mlingoti mweupe wa kumalizia mbio, akauliza swali lile lile kila mwaka: "Musyoka, ungempandisha mtoto wako?" Mimi nikijibu ndiyo, mbio zinafanyika. Nilikuwa na mtoto mmoja wakati ule, msichana, Mumbua, kwa hiyo halikuwa swali la mchezo.

Kulikuwa na kazi nyingine ambayo haikuandikwa popote. Njia ya mbio haikuwa mali ya chama cha mbio. Ilipita kwenye ardhi ya familia za Kimaasai, na ardhi hiyo ilikuwa imekwisha kugawanywa, kila familia na kipande chake. Wiki tatu kabla ya mbio, Mzee Lemayian, aliyekuwa na boma upande wa Isinya, alikata nyasi mbichi, akazishika mkononi, akaenda mji kwa mji, yaani boma kwa boma, kuomba njia. Mimi nilimfuata nyuma. Kwao, mtu anayekuja na nyasi mkononi amekuja kwa amani na ana ombi, na si vizuri kumrudisha hivi hivi. Mwenye mji akizipokea, amekubali, na siku ya mbio ng'ombe wake watachungwa kwingine. Sikuwahi kuona nyasi za Mzee Lemayian zikikataliwa. Nilimuuliza siku moja kwa nini asitume barua tu. Akanijibu, "Barua itasimama kwa mlango wa mtu namna gani?"

Miaka ikaenda hivyo. Nyika ikaanza kupata nyaya. Familia moja inauza, nyingine inauza, na njia yetu ikawa inapindishwa kila mwaka kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kwenye nyoofu ya mwisho, ile sehemu iliyonyooka kuelekea mti wa mwisho, tulibanwa kabisa. Upande mmoja uzio wa shamba la maua, upande wa pili korongo, na katikati upana wa ploti moja tu. Bado farasi sita walipita pale wakikimbia sambamba, na mimi nililitunza lile eneo kuliko shamba la baba yangu.

Sasa nieleze kosa langu. Mke wangu Nduku alikuwa kwenye chama cha akina mama kilichokuwa kikitafuta ardhi ya kununua. Jioni moja waliniletea ramani nyumbani, chumba chetu cha kupanga pale Noonkopir, wakaniomba maoni kwa kuwa nilikuwa mtu wa nyikani. Niliikunjua mezani. Mistari na namba tupu. Sikutaka kuonekana sijui kusoma ramani, basi nikauliza maswali mawili ya kizee: maji yanatuama? Kuna mashimo? Mwenyekiti wao akasema walikwenda kuiona, ni kavu, haina shimo hata moja, imenyooka kama meza. Nikasema, "Hiyo nunueni. Nyika hii yote ni mashimo. Mkipata mahali hakuna, msiache."

Ilikuwa haina mashimo kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimeyaziba. Nilijua kila hatua ya ardhi ile kwa miguu yangu, lakini kwenye karatasi nilipita juu yake bila kuitambua.

Wakanunua, wakapiga kura, Nduku akachota karatasi ya ploti yake. Siku ya kuonyeshwa nilikwenda naye. Mpima ardhi alitembea mbele akitafuta bikoni, vile vyuma vya mpaka vilivyofichika nyasini, na kadiri alivyokwenda ndivyo nilivyozidi kuitambua njia yangu. Alisimama hatua arobaini kutoka mti wa mwisho. "Mama, ya kwako ni hii," akamwambia Nduku. Nduku akapiga magoti, akashika udongo, akacheka peke yake. Tangu tuoane hatukuwahi kuwa na mahali petu. Ningesema nini?

Nilinyamaza. Kwa Nduku nilinyamaza na kwa Mkuu wa Mbio nilinyamaza pia. Nilijiambia kwamba hatutajenga karibuni, kwamba wenzetu wa chama watatutangulia na ubaya utakuwa wao. Huo ni uoga, sina jina lingine la kuupa. Mvua kubwa ikanyesha, ikaisha. Mara mwenye nyumba wa Noonkopir akatupa notisi, anabomoa vyumba ajenge maduka. Nduku akaniambia, "Sasa baba Mumbua, ni wakati. Tuchimbe msingi." Nikachukua jembe na sururu. Kwa siku nne mimi mwenyewe, mtunza njia, nilichimba mitaro ya msingi kukata nyoofu ya mwisho kutoka korongoni mpaka kwenye uzio.

Siku ya tano nilikuwa ndani ya mtaro, udongo ukinifika magotini, nikasikia mtu akisimama juu.

"Sopa," akanisalimu kwa Kimaasai.

"Ipa," nikaitika, nikainua kichwa.

Alikuwa Mzee Lemayian, nyasi mkononi. Alikuwa ameanza mzunguko wake mapema kabla sijajiunga naye, akaona waya mpya na mawe ya ujenzi, akaja kumwomba mwenye ploti. Hakujua ni nani. Aliniangalia, akaangalia mtaro, akamwangalia Nduku aliyekuwa na karai la mawe kichwani. Nilitamani ardhi ile inifunike.

"Kumbe ni wewe," akasema.

"Ni mimi, mzee."

Nilidhani atageuka aende. Hakwenda. Alininyooshea zile nyasi kama alivyomnyooshea kila mtu. "Hii ni yako sasa, na mwenye mji lazima aombwe. Niko na ombi. Tunataka njia siku moja tu."

Nduku alitua karai. Hakuwa amejua mpaka dakika ile kwamba ploti yake ilikuwa njia ya mbio. Aliuliza maswali mawili, akaelewa, akanipiga jicho ambalo mpaka leo nalikumbuka. Kisha akasema, "Kama ni siku moja, tufukie. Wapite. Tutachimba tena."

Nikazipokea nyasi. Wote wawili waliona jambo limekwisha, na mimi peke yangu nilijua kwamba halijaisha. Mvua ilikuwa imeshapita.

Nilifukia hata hivyo. Mawe chini, murramu, udongo, gogo. Nilimwaga maji mapipa kwa mapipa nikijaribu kuiga mvua. Wiki tatu sikupumzika. Asubuhi ya ukaguzi pale mahali palikuwa pazuri kuliko njia yote, na mtu yeyote angepita bila kujua. Mkuu wa Mbio alikuja mikono nyuma, akasimama pale pale.

"Nani alichimba hapa?" Alikuwa ameona udongo wa rangi mbili.

"Mimi, daktari."

"Kwa nini?"

"Nyumba."

Aligeukia mti wa mwisho. Kisha akauliza swali lake. "Musyoka, ungempandisha mtoto wako?"

Sikuwa na haja ya kuruka. Asubuhi ile kabla hajafika nilikuwa nimeruka mara tatu, na kisigino kilikuwa kimezama mara tatu. Ningeweza kusema ndiyo, na huenda farasi wote wangepita salama, na mbio zingeishi mwaka mmoja zaidi. Nilizipenda mbio zile. Zilinitoa kwenye samadi zikanipa heshima.

"Hapana," nikasema.

Alitikisa kichwa taratibu. Hakunigombeza, na ningefurahi kama angenigombeza. "Vyumba vingapi?" akaniuliza.

"Viwili, na sebule."

"Basi jenga vizuri. Usiwekelee msingi kwa udongo mweusi, itakupasulia nyumba. Chimba mpaka ufike kwa mwamba." Akaenda kuwaambia wenye farasi.

Mwaka ule mbio hazikufanyika. Ilisemwa kwamba tutatafuta nyika nyingine, lakini huko nako nyaya zilikuwa zimefika. Farasi wakauzwa mmoja mmoja, mizani ikarudi Bisil kwa kondoo wake, na mimi nikapata kazi ya bustani kwenye shamba la maua nililopakana nalo, nikaifanya mpaka nilipostaafu. Watu husema mbio zilikufa kwa sababu ya ukame. Wengine wanasema ni Wamaasai waliouza ardhi, au wenye ranchi waliochoka. Nimeyasikia yote nikinyamaza. Leo naandika kwa mkono wangu: njia ile niliifunga mimi.

Mzee Lemayian alikuja tulipomaliza kuezeka. Alipiga hodi, akaingia, akaketi sebuleni, Nduku akampa chai. "Mwaka huu sikubeba nyasi kwa mtu," akasema, bila lawama, kama mtu anayetoa habari za mvua. Akanywa chai yake, akaisifu nyumba, akaenda. Baada yake nilikaa nikalia, na sioni haya kusema.

Zile nyasi alizonipa mtaroni niliziweka juu ya kizingiti cha mlango, na ziko pale, zimekuwa vumbi tupu. Mwamba sikuufikia, pesa za wachimbaji ziliisha kabla. Kwa hiyo kila kiangazi sakafu ya sebule hupasuka, ufa mmoja mrefu kutoka upande wa uzio kuelekea korongoni, kando ya mtaro wangu wa kwanza. Kila mwaka kabla ya mvua naufungua kwa patasi, natia kokoto, natia murramu, nashindilia, naacha unywe, ndipo naweka simiti. Vijana wa fundi wananicheka, wanasema ufa ni wa kupakwa simiti tu juu, kazi ya nusu saa.

Mwezi uliopita Mumbua alikuja na binti yake, ambaye anajifunza kutembea. Alisimama akishikilia kiti, akitazama upande wa pili wa sebule. Nduku akamzuia kwa mkono, akanigeukia.

"Hapo uliziba, iko sawa? Mtoto apite?"

Nikainuka, nikaruka kidogo kwa magoti yangu haya ya uzee, nikatua kwa kisigino. Hakikuzama.

"Iko sawa," nikasema. "Mwache apite."