Kitanda cha Mkamwana

Mzee Nsajigwa wa Tukuyu alikuwa seremala asiyevumilia upenyo kati ya ubao na ubao. Mwaka 1993 mwanawe Tuntufye alipotaka kumleta mkewe Atupele akae mjini, karibu na hospitali, mpaka ajifungue na mtoto apate nguvu, upenyo ukawa jambo zito kupita kiasi. Kwa mila ya Wanyakyusa baba mkwe na mkamwana hawaonani, na nyumba ya mzee na mkewe ilikuwa na chumba kimoja na sebule.

Basi akajenga kitanda sebuleni: kuta za mbao pande zote, kifuniko juu, mlango na komeo. Tangu biashara iachiwe huru, gundi nzuri ilijaa madukani, naye hakuibania. Alitaka hata kikohozi kisitoke.

Bwana afya Hezron, mtumishi aliyehamishwa kutoka Dodoma, alipokuja kukagua nyumba za mtaa alikizunguka kitanda mara mbili, akauliza. Hiki ni kitanda au chumba? Kama ni chumba, kanuni zinataka dirisha, la sivyo kibomolewe. Kama ni kitanda, komeo la nini? Mzee akajibu kwamba ni kitanda chenye heshima zake, na kikibomolewa mkamwana atabaki kijijini Matwebe, mbali na daktari.

Hezron hakuwa mtu wa makeke. Aliomba kopo la makaa, akatia majani mabichi ya mgomba juu yake, akaliweka ndani na kufunga mlango.

Wote wakakodoa macho, pamoja na majirani waliokuja kutazama. Hata uzi wa moshi haukutoka. Majirani wakashika vinywa. Hezron akapitisha kidole kwenye maungio, akakiri hajapata kuona kazi kama ile, na mzee akavimba kichwa. Kisha Hezron akafungua, moshi ukawamwagikia wote usoni.

"Moshi umekaa humu kwa kukosa njia," alisema. "Pumzi ya mjukuu wako itapita wapi, mzee?"

 Mchana uleule mzee Nsajigwa alishika keekee akatoboa matundu, juu karibu na kifuniko na chini karibu na sakafu, jicho lisikofika. Kila tundu lilimuuma. Hezron alirudi, akaandika: kitanda.

Atupele akahamia humo, na mwezi uliofuata alitoka hospitali, akaingizwa kitandani na mtoto wake, mzee akiwa uani. Baadaye, akiwa chumbani anatafuta kofia, mzee akasikia sauti nyembamba ikipita kwenye matundu. Akasimama palepale, machozi yakimlengalenga. Mkewe akamuuliza kulikoni.

"Nyamaza kidogo," alisema. "Mjukuu wangu anaongea."